Nina F ya Hisabati na niliwahi kuzimia kwa kuona damu: je, uuguzi unanifaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 19, naishi Masasi. Katika kidato cha nne nilipata B ya Kiswahili, C ya Baiolojia, D za Kemia, Fizikia na Kiingereza, na F ya Hisabati. Mama anataka nisomee uuguzi kwa sababu anasema ajira yake ni ya uhakika, na binamu yangu aliyeko Muscat anasema wauguzi wanatafutwa sana huko. Mjomba ananicheka kwamba nakwenda kusomea kazi ya kike. Mimi mwenyewe napenda kusaidia watu, ila siku mdogo wangu alipojikata na panga shambani nilizimia kabla hata hajafungwa kidonda. Je, niombe chuo, na kama ndiyo, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na alama, kwa kuwa ndizo zenye jibu fupi. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, humtaka mwombaji awe na ufaulu usiopungua D katika masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na miongoni mwake yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza inayompa mwombaji nafasi nzuri zaidi. Sifa za kuomba, basi, unazo. Lakini liko jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba F isiyokuzuia leo inaweza kukuzuia miaka minane ijayo utakapotaka kujiendeleza kwenda shahada. Vyuo vikuu havitazami ufaulu wa stashahada peke yake. Hurudi nyuma kukagua cheti cha kidato cha nne, na Hisabati huwa mojawapo ya masomo yanayokaguliwa. Nimewafundisha wauguzi wenye familia zao, wazoefu kabisa wodini, ambao iliwabidi wajisajili kama watahiniwa wa kujitegemea na kukaa chumba kimoja na vijana wa umri wako ili tu waiondoe F moja. Omba chuo, lakini jisajili pia kurudia Hisabati, kwa sababu mambo ya darasani hujayasahau na huna mtoto anayelia ukisoma.

Sababu ya pili ya kurudia Hisabati ni kubwa kuliko cheti. Muuguzi hupiga hesabu kila zamu, tena hupiga akiwa amesimama, amechoka, na ndugu wa mgonjwa wanamwita upande wa pili. Chukua mfano wa dripu. Daktari ameandika kwamba mgonjwa apewe lita moja ya maji kwa saa nane. Mrija ulio mkononi mwako hautambui saa nane. Unachoweza kukifanya ni kusogeza kigurudumu chake na kuhesabu matone kwenye kichupa. Ukitazama pakiti ya mrija huo utaona imeandikwa matone mangapi hufanya mililita moja, na tuseme ni 20. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Ukigawa unapata takriban matone 42 kwa dakika. Akiwa mtu mzima mwenye moyo imara, kukosea kidogo huenda kusilete madhara, lakini akiwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, maji yaleyale yakienda haraka yatamjaza mapafu. Au chukua magnesiamu salfeti, dawa tunayompa mjamzito mwenye kifafa cha mimba: huja katika nguvu ya asilimia 50, nasi dozi ya kwanza ya mshipani twataka iwe gramu 4 katika nguvu ya asilimia 20, kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate 20. Hesabu hizi si ngumu, kwani ni kuzidisha, kugawa na uwiano, yaani mambo ya shule ya msingi. Ugumu wake ni kwamba zinatakiwa ziwe sahihi kila mara, saa kumi alfajiri kama saa nne asubuhi.

Sasa nije kwenye neno lako la kupenda kusaidia watu. Kila mwaka ninaposoma barua za waombaji nalikuta neno hilo katika karibu kila barua, nami silidharau, maana mtu asiye na huruma hana la kufanya wodini. Hata hivyo, huruma nimeiona ikichoka mwezi wa tatu wa zamu za usiku, na kinachomwokoa mgonjwa baada ya hapo ni tabia nyingine isiyosifiwa sana, yaani uzoefu wa kutazama kitu kidogo kilichobadilika, kukipima badala ya kukikisia, na kukiandika kama kilivyo. Nitakueleza nilivyojifunza hilo, ingawa si habari inayonipamba.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika wodi ya wazazi, wauguzi wawili kwa wanawake zaidi ya ishirini. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alilala mama aliyejifungua salama saa tano usiku, mkimya, amejifunika kanga hadi kidevuni. Saa sita mapigo ya moyo wake yalikuwa 88 kwa dakika, na saa sita na nusu yakawa 96. Saa saba nilipomfikia nilimkuta amelala, nikaona ni ukatili kumwamsha, nikaandika 96 tena na kusonga mbele. Mkunga mzee tuliyekuwa naye zamu alipita na tochi akiziangalia chati, akasimama kwenye ile yangu na kuniuliza, “Hii umeipima au umeinakili?” Sikuwa na jibu. Akaenda kitandani, akamshika yule mama kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima bila kusema neno: 124. Presha ilikuwa bado 110 kwa 70, na mtu anayeitegemea presha peke yake angeridhika. Yule mkunga hakuridhika, akafunua kanga. Juu hapakuonekana kitu, lakini alipomgeuza mama ubavu tuliona damu nyingi imetuama juu ya makintoshi, yaani shuka la mpira, chini ya makalio, na mfuko wa uzazi, ambao saa hiyo ulipaswa kuwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo, ulikuwa umelegea kama unga uliotiwa maji mengi. Alisugua tumbo hadi mfuko ukakaza, tukamtoa mkojo, tukampa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na maji ya mshipa, daktari akaitwa, na siku ya tatu mama aliondoka na mtoto wake.

Mwili wa kijana mwenye afya anayepoteza damu huficha hasara hiyo kwa muda: mishipa hubana na moyo hukimbia, ili presha isishuke. Presha inaposhuka, mara nyingi saa za kumwokoa kwa urahisi zimekwisha pita. Kwa hiyo namba ile niliyoinakili haikuwa urembo wa karatasi. Ndiyo ilikuwa kengele yenyewe, nami niliizima. Tangu siku ile sijaandika kipimo ambacho sikukipima, na mwanafunzi wangu anayepika vipimo hunikuta mkali kuliko anayechelewa kazini. Jiulize basi, kabla ya kujiuliza kama unapenda watu: wewe ni mtu wa kukinakili kilichoandikwa juu, au ni mtu wa kwenda kukitazama tena? Ukiwa na mifugo nyumbani, wewe ndiye huona mapema kwamba mbuzi fulani hali? Ukitumwa dukani na vitu sita, hurudi na sita? Maswali haya yanaonekana ya kitoto, lakini kwangu yana uzito kuliko sentensi nzuri za barua ya maombi.

Kuhusu kuzimia, usijihukumu. Ulichopata ni mwitikio wa mwili unaojulikana sana: mtu akiona damu au maumivu ya mwenzake, mapigo ya moyo na presha hushuka kwa ghafla, damu inayofika kwenye ubongo hupungua kwa sekunde chache, naye huanguka, na ikiwa ana njaa, amesimama muda mrefu, kuna joto, na aliyeumia ni ndugu yake wa damu, huanguka mapema zaidi. Kwa watu wengi hali hii hupungua kadiri wanavyozoea, hasa wanapokuwa na kazi ya kufanya kwa mikono, kwa sababu ni rahisi kuzimia ukiwa mtazamaji kuliko ukiwa ndiye unayeshika pamba. Mwanafunzi wangu mmoja alianguka mara mbili katika wiki yake ya kwanza ya chumba cha kujifungulia, na leo ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kula kabla ya zamu, kunywa maji, usikaze magoti ukisimama, na ukihisi jasho jembamba na masikio yanavuma, kaza misuli ya mapaja na ya mikono, au kaa chini papo hapo bila kuona haya. Kinachonitia shaka zaidi kwa mwanafunzi si damu, ni kinyaa. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, husafishwa choo, huoshwa kinywa, na mtu anayeona kazi hizo ni za chini yake atateseka miaka yote, na wagonjwa watateseka naye.

Mjomba wako mjibu kwa upole kwamba wauguzi wa kiume wamejaa hospitalini, na wengine ni wakuu wa wodi. Lipo jambo moja la kweli ndani ya kicheko chake, nalo afadhali ulijue sasa: stashahada ya hapa nchini inaunganisha uuguzi na ukunga, kwa hiyo mwanafunzi wa kiume lazima azalishe kama mwenzake wa kike. Wapo akina mama, hasa katika baadhi ya jamii za pwani na hata huko kwenu kusini, wasiotaka kuhudumiwa na mwanamume, na hiyo ni haki yao. Utajifunza kujitambulisha kwa jina, kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mama, kuvuta pazia, na kuwa na mwenzako wa kike pembeni. Akikataa, unamwita mwenzako bila kununa.

Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ukaone. Sikwambii uombe barua ya kutembelea hospitali, maana huenda ikachukua miezi. Akilazwa ndugu au jirani, jitolee wewe kukaa naye, umlishe, umsindikize chooni, ulale kwenye benchi. Kiswahili chenyewe kimeshaliweka jambo hili wazi: anayeumwa anaugua, na anayekaa naye katika kuugua kwake anamuuguza, muuguzi ni yuleyule mwenye kuuguza, aliyeongezewa elimu na leseni. Ukiwa wodini, tazama saa moja na nusu asubuhi zamu zinapopokezana, jinsi anayetoka anavyosimama kila kitanda na kumweleza anayeingia nani amelalaje, nani amekataa dawa, dripu ya nani imebaki kiasi gani. Kama maelezo yale yanakuvuta, hata yasiyomhusu ndugu yako, hiyo ni dalili njema kuliko zote ninazozijua. Kama yanakuchosha, hakuna aibu. Maabara, famasi, au afya ya mazingira ni kazi za heshima zisizohitaji ukae na mtu mmoja usiku kucha.

Katika kuchagua chuo, jambo la kwanza ni usajili. Hakikisha kwenye orodha ya NACTVET kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi hiyo yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu vipo vyuo vilivyosajiliwa kwa kozi nyingine. Usilipe fedha ya kushikiwa nafasi kwa mtu aliyekupigia simu. Jambo la pili, ambalo wazazi huwa hawaulizi, ni hospitali ya mazoezi: wanafunzi wanakwenda wapi, ina vitanda vingapi, na vyuo vingapi vingine vinapeleka wanafunzi palepale. Majengo mazuri yasiyo na wagonjwa hayamfundishi mtu kuuguza. Ninapenda zaidi chuo kilichoshikamana na hospitali yake, kama ilivyo hapo jirani yenu Ndanda, kuliko chuo cha mjini ambacho wanafunzi arobaini humzunguka mama mmoja anayejifungua. Jambo la tatu ni gharama nzima, na ada ni sehemu yake tu. Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga, ujumlishe yunifomu, viatu, mitihani, bima, chakula, nauli za mazoezi na vifaa vya miaka mitatu, ndipo mketi na mjomba. Bodi ya Mikopo ilianza katika mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani zilizoteuliwa tu, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka utakaoomba, na usidhani kwamba kila kozi ya afya imo.

Njia ya stashahada huchukua miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6. Ukihitimu, huwi muuguzi bado machoni pa sheria: unafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, unasajiliwa, unapewa leseni, na leseni hiyo huhuishwa kwa kuonyesha kwamba unaendelea kujifunza. Anayepitia kidato cha sita, hasa kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, anaweza kuingia shahada moja kwa moja, miaka minne chuoni na mmoja wa utarajali. Kwa D zako za Kemia na Fizikia, nakushauri stashahada kwanza, ufanye kazi, ndipo ujiendeleze. Huko mbele kuna milango ambayo kijana wa Masasi haioni kwa sasa: utoaji wa dawa za usingizi na uuguzi wa macho pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, wagonjwa mahututi, afya ya akili, saratani, upasuaji wa moyo. Usiamue sasa, muuguzi hulijua tawi lake baada ya kuyapitia yote.

Mama anaposema ajira ni ya uhakika, anachanganya vitu viwili. Uhitaji wa wauguzi ni mkubwa, na zahanati zenye muuguzi mmoja zipo nyingi; lakini uhitaji haugeuki kuwa ajira mpaka kibali kitoke na fedha za mishahara zitengwe. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira au TAMISEMI, na mwenye stashahada huomba ya Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II. Wahitimu wengi husubiri, wengine mwaka, wengine zaidi, wakijitolea au wakifanya kazi kwa mkataba katika hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, ambako malipo hutofautiana sana. Anayekubali kupangiwa mbali na mji ana nafasi kubwa zaidi, na atajifunza haraka, kwa sababu huko hakuna wa kumsukumia kazi.

Binamu yako wa Muscat hajasema uongo, ila amesimulia mwisho wa hadithi. Waajiri wengi wa Ghuba hutaka leseni ya nchi yako, uzoefu wa kazi ambao mara nyingi haupungui miaka miwili, na mtihani wa kuhakiki ujuzi, vyote kwa Kiingereza. Uingereza nayo, kwa kufuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, imewakataza waajiri wake kwenda kusaka wauguzi katika nchi zilizomo, na Tanzania imo. Muuguzi anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja, lakini wakala anayekuja Dar es Salaam kukusanya watu na ada zao kwa jina la hospitali ya Uingereza, mkimbie. Haya ni ya baada ya miaka mitano au sita. Kwa sasa yanakuhusu kwa jambo moja tu, nalo ni Kiingereza.

Kiingereza hicho kifanyie kazi kwa kuandika, kwa sababu ripoti za wagonjwa, mitihani na vitabu vyote ni kwa lugha hiyo, wakati mgonjwa atakueleza kwa Kiswahili, au kwa Kimakua na Kiyao, kwamba “kifua kinabana” au “damu imenipanda kichwani”, nawe ndiye wa kuyageuza maneno hayo bila kuyapunguza. Kila jioni andika sentensi nne za Kiingereza juu ya kitu ulichokiona siku hiyo, bila maoni yako. Rudia Kemia ya asidi, chumvi na myeyusho, na Baiolojia ya moyo, figo na uzazi. Mwaka wa kwanza hujengwa juu ya hizo. Ukiweza, anza chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kwenda mazoezini, maana ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita, na ndani ya muda huo sindano zitakuwa mikononi mwako. Ukijichoma na sindano iliyotumika, usifiche: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa papo hapo, kwani dawa ya kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa siku 28.

Nakuachia hesabu moja. Mgonjwa apewe mililita 500 kwa saa sita, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita. Ifanye kwa penseli, bila simu, kisha irudie usiku umechoka. Majibu yote mawili yakiwa 28, tuko pamoja. Ukipata 1,667, umesahau kugeuza saa kuwa dakika. Rudi uanze tena.